Machozi Yetu na Machozi ya Ngamia: Tuache Uzushi, Tulinde Macho

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote, aliyetupa macho ya kuonea na ndimi za kusemea. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baad.



Katika ukurasa huu wa maoni napenda niseme juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakiona kidogo, nacho ni chozi. Tangu mwaka 2025 umekuwa ukizunguka katika simu zetu ujumbe unaodai kwamba tone moja la chozi la ngamia linavunja nguvu ya sumu ya aina 26 za nyoka. Ujumbe wenyewe hupambwa kwa aya ya Qur'an inayotutaka tumtazame ngamia jinsi alivyoumbwa, kisha humalizika kwa amri: mtumie Muislamu mwenzako, usiuache kwako. Na sisi tunautuma.

Katika nyumba hizo hizo zinazotuma ujumbe huo, mtoto akiamka na jicho jekundu anatiwa majani ya chai, au maziwa ya mama, au maji ya mti fulani uliopondwa, na kuja madrasa jicho likiwa limevimba mara mbili ya jana. Maoni yangu ni kwamba mambo haya mawili ni ugonjwa mmoja. Tunapenda kusikia maajabu ya mbali kuliko kujifunza neema iliyo usoni mwetu, na hatuna tabia ya kuuliza kabla ya kusadiki. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo.

UKWELI JUU YA NGAMIA

Uongo huu umekaa juu ya kipande cha ukweli, ndiyo maana unapita kirahisi. Mwaka 1993 wataalamu wa chuo kikuu kimoja mjini Brussels, Ubelgiji, walitangaza kwamba katika damu ya ngamia kuna kingamwili za namna ya pekee. Kingamwili ni zile protini ambazo mwili huzitengeneza ili kumkamata adui aliyeingia. Za binadamu zimejengwa kwa minyororo minene na myembamba, lakini ngamia, pamoja na hizo, anazo nyingine zisizo na minyororo myembamba. Ni ndogo, ni imara, hazivunjiki upesi kwa joto. Tangu hapo wanasayansi wamezitumia kutafuta dawa nyingi.

Huko Bikaner nchini India kuna kituo cha utafiti wa ngamia. Hapo ngamia wamedungwa sumu ya nyoka kidogo kidogo kwa muda, mpaka miili yao ikatengeneza kinga, kisha kinga hiyo ikachukuliwa katika damu yao. Njia hii ni ile ile inayotumika miaka mingi kwa farasi. Tazameni vizuri: ni damu, wala si chozi. Ni ngamia aliyezoeshwa sumu, wala si ngamia yeyote anayepita njiani. Na kinga inayopatikana ni ya sumu ya nyoka aliyetumika, pengine na jamaa zake wa karibu, wala si ya kila nyoka.

Mtu atasema, ustadhi, kuna ubaya gani, si tunamsifu Allah tu? Ubaya upo. Watu wetu hushuka tambarare, upande wa Himo na Kahe, kukata majani ya ng'ombe na kulima mahindi. Huko nyoka wapo. Aliyeumwa na nyoka anahitaji kutulizwa, kiungo kisichezeshwe, na apelekwe hospitali haraka kwenye dawa ya sumu. Saa moja ya kusikiliza habari za chozi la ngamia inaweza kuwa ndiyo saa ya uhai wake. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuchunguza habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mtu kusimulia kila alichokisikia kunatosha kumfanya awe mwongo. Anayetuma uzushi huku ameweka aya juu yake, amekosea mara mbili. Siku uongo ukibainika, mtoto wa shule atadhani na ile aya ni katika uongo huo. Dini yetu haihitaji kusaidiwa na uzushi.

HAZINA ILIYO USONI MWETU

Sasa tuache jangwa, tuje kwetu. Katika Suratul Balad, aya ya 8, Allah (s.w.t.) anatukumbusha macho mawili aliyotupa. Tumewahi kujiuliza ni kitu gani kinachoyalinda macho hayo mchana kutwa, katika vumbi la Himo wakati wa kiangazi na moshi wa kuni jikoni?

Chozi si maji matupu. Juu yake kuna utando wa mafuta unaozuia lisikauke, kati kuna maji yenye chumvi na protini, na chini kuna ute unaolishikisha kwenye jicho. Maji hayo hutoka katika tezi iliyo juu ya jicho upande wa nje, hutandazwa na kope kila tunapopepesa, kisha hushuka kwa mfereji mdogo hadi puani. Ndiyo maana anayelia hutoka na kamasi.

Mwaka 1921 daktari Alexander Fleming, aliyekuwa akifanya kazi London, aliweka kamasi yake katika sahani yenye bakteria na kuona bakteria wale wakiyeyuka. Akaona kwamba na machozi yanafanya vivyo hivyo. Wenzake katika maabara walikamuliwa ndimu machoni ili machozi yapatikane kwa wingi! Mwaka 1922 alitangaza jambo hilo. Protini ile ikaitwa lisozaimu, na kazi yake ni kutoboa ukuta wa bakteria mpaka anapasuka. Ipo pia katika mate na katika ute mweupe wa yai la kuku. Huyu ndiye Fleming ambaye mwaka 1928 aligundua penisilini.

Haiko peke yake. Ipo laktoferini, inayokamata madini ya chuma ili bakteria wayakose, kwani bila chuma wengi wao hawawezi kuongezeka. Zipo lipokalini, ambazo pamoja na kazi nyingine huwanyima vijidudu njia ya kupata chuma hicho. Na ipo kingamwili aina ya A, ambayo huwazingira wadudu wasishike kwenye ngozi laini ya jicho, nao wakaoshwa na chozi na kuondoka. Hizi zote zimo katika tone dogo kuliko punje ya mtama.

KINGA YENYE KIASI

Lililonishangaza zaidi katika kusoma habari hizi ni kwamba machozi hayapigani tu, bali pia yanazuia mapigano yasizidi.

Wanafunzi wangu wanajua jipu linavyokuwa. Mwili unapopigana na adui, mahali pale huwa pekundu, huvimba, huuma, na mara nyingi hubaki kovu. Kovu la mguuni halina neno. Lakini kioo cha mbele cha jicho kikipata kovu, nuru haipiti tena na mtu hupofuka. Kwa hiyo jicho haliwezi kupigana ovyo. Laktoferini ile ile inayowanyima bakteria chuma huituliza pia sehemu ya jeshi la mwili isiwake kupita kiasi. Na kingamwili aina ya A hufanya kazi yake kwa kuzuia na kuosha, bila kuwasha moto mkubwa kama zinavyofanya kingamwili za aina nyingine.

Usiku tunapolala, kope zimefumba na chozi haliendi. Wataalamu waliopima machozi ya mtu aliyelala walikuta kingamwili aina ya A imeongezeka sana, na askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, wameingia kwa wingi kulinda. Pamoja nao zikawepo protini za kuwazuia wasilidhuru jicho lenyewe. Asubuhi tunaamka na matongotongo. Hayo ni mabaki ya ulinzi wa usiku. Na kitu cha kwanza ambacho Muislamu anatakiwa afanye kabla ya swala ya Alfajiri ni nini? Ni udhu, na katika udhu ni kuosha uso. Subhanallah.

Tunasoma katika Suratur Rahman kwamba Allah ameweka mizani na ametukataza kuipindukia. Wengi hufikiri mizani ni ya dukani tu. Kumbe hata katika chozi imo.

WANYAMA NAO

Hapa kwetu karibu kila mji una ng'ombe au mbuzi zizini chini ya migomba, kwa hiyo nao tuwaangalie. Allah hakuwapa wanyama wote machozi ya namna moja. Lisozaimu ambayo imejaa katika chozi la mwanadamu, ipo katika machozi ya kondoo na mbuzi, lakini katika chozi la ng'ombe ni kidogo mno. Je, ng'ombe kasahauliwa? Hasha. Naye anayo laktoferini na kingamwili zake, na ana kope ya tatu, ule utando unaopita juu ya jicho kutoka pembeni ya pua. Ngamia naye ana kope hiyo, pamoja na nywele ndefu za kope za kumkinga na mchanga. Maajabu hayo ya ngamia ni ya kweli, na yanatosha bila ya kuongezewa nyoka 26.

Mwaka 2020 watafiti wa Brazil walitangaza matokeo ya kulinganisha machozi ya ndege na wanyama watambaao, wakiwemo kasuku, bundi, kobe na mamba wadogo wa kwao. Walikuta kwamba ingawa viumbe hao wanaishi mbalimbali, hewani, nchi kavu na majini, madini ya chumvi katika machozi yao hayako mbali na ya binadamu. Sisi tunasema machozi ya mamba kwa maana ya unafiki. Kumbe mamba naye ana haja ya kweli ya machozi yake.

Hata hivyo kinga hii ina mpaka. Ng'ombe hupata ugonjwa wa macho unaoletwa na bakteria na kusambazwa na nzi. Jicho hutoa machozi mengi, hufumba kwa kuogopa mwanga, kisha hufanya doa jeupe. Wako wanaomtemea mnyama chumvi iliyotafunwa au ugoro ndani ya jicho. Hiyo ni adhabu wala si tiba. Mtenge mnyama huyo, mweke kivulini, zoa mbolea ili nzi wapungue, na umwite bwana mifugo. Akimpa dawa, muulize ni siku ngapi maziwa yasinywewe.

Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia katika shamba la Ansari mmoja, akamkuta ngamia, na ngamia yule alipomwona alitoa sauti ya huzuni na macho yake yakatiririka machozi. Mtume akamfuta nyuma ya masikio mpaka akatulia, kisha akamwita mwenye ngamia na kumwonya amche Allah juu ya mnyama anayemtesa kwa njaa na kazi. Hilo ndilo funzo letu juu ya machozi ya ngamia. Mtume hakuyakinga kwenye chupa ayafanye dawa. Alimtuliza mnyama na kumtetea katika dhiki yake.

TUACHE KUTIA VITU MACHONI

Sasa nije kwenye hoja ninayotaka ikae katika nyumba zetu. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea hapa Tanzania, ukianzia na kuonekana sana Dar es Salaam. Chanzo kilikuwa kirusi. Wizara ya Afya ilionya watu wasijitibu kwa dawa zisizoelekezwa na mtaalamu. Pamoja na onyo hilo, watu walitia majani ya chai, maji ya chumvi, mate na hata mkojo.

Hasara ya jambo hili inajulikana kwa muda mrefu. Ripoti ya madaktari wa macho iliyochapishwa mwaka 1994 juu ya wagonjwa wa Tanzania waliokuwa na vidonda katika kioo cha jicho, ilionyesha kwamba karibu robo yao walikuwa wametumia dawa za kienyeji machoni. Fikirini sasa. Chozi limepangwa kwa kipimo. Sisi tunakuja na maji ya majani yenye vijidudu na vitu vikali, tunaosha protini zilizowekwa, tunachoma ngozi laini, na tunaita hiyo tiba. Tone la dukani lililobaki tangu mwaka jana nalo ni hatari, kwa sababu yapo matone yanayotuliza wekundu huku yakizima kinga ya jicho, na kidonda kinakula ndani kwa ndani.

Wako watakaonijibu kwa hadithi. Watasema, Mtume (s.a.w.) siku ya Khaybar alimtemea mate Sayyidna Ali (r.a.) machoni na akapona. Ni kweli, imepokewa sahihi. Lakini ule ulikuwa muujiza wa Mtume, na mate ya babu au ya ustadhi si mate ya Mtume. Watasema pia, imekuja kwamba maji ya uyoga ni shifaa ya jicho. Hadithi hiyo ni ya kam'a, unaoota chini ya ardhi katika nchi za jangwa, na wanavyuoni wamezungumza sana namna ya kuutumia. Haikusema uchukue uyoga wowote wa shambani Kilema, ambao mwingine ni sumu, ukamue katika jicho la mtoto. Na wanja ni sunna, lakini wanja mwingi unaouzwa leo umepimwa na kukutwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru akili za watoto. Mtume alitusomesha kwamba tusidhuru wala tusidhuriane. Ukilifahamu hilo utaisoma hadithi ya tiba kwa adabu yake.

MAJI KIDOGO, FAIDA KUBWA

Ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, unatufundisha mengi. Bakteria wake huingia utotoni kwa mikono, nguo na nzi wanaofuata uso mchafu. Maambukizo yakirudi rudi, mwili unapigana tena na tena, makovu yanajikusanya ndani ya kope, kope inajikunja, na nywele zake zinakwaruza jicho mpaka linapofuka. Yaani kinachopofusha si mdudu peke yake, ni mapigano yasiyokoma.

Hapa nchini mahali palipochunguzwa sana ni Kongwa, Mkoa wa Dodoma. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba katika vijiji ambako pamoja na dawa ya kupaka watu walifundishwa kuwaosha watoto nyuso, watoto waliodumu na nyuso safi walipungukiwa na vikope vikali. Kongwa ni nchi kame. Akina mama walidhani kuosha uso kunataka maji mengi, kumbe kidogo sana yanatosha. Sisi tuna mifereji ya mlimani na mvua, tuna udhuru gani? Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudd moja, chini ya lita moja, kwa viungo vyote. Jirani zetu Malawi walithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 kwamba wameuondoa ugonjwa huu usiwe tena tatizo la jamii. Basi inawezekana.

Lakini udhu wetu tunauharibu wenyewe. Mtoto ananawa uso vizuri, kisha watoto kumi wanajifutia taulo moja, au ncha ya kanga ya dada, au mkono wa kanzu ya mwenzake. Tulichokiosha tumekirudisha.

HOSPITALI NI YA WOTE

Lipo neno linalosemwa chini chini, kwamba hospitali zilizo karibu nasi ni za wamisheni. Nasema wazi kwamba hiyo si hoja. Hospitali ya Kilema ipo, ya Mkoa Mawenzi ipo, na KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971 ina idara ya macho inayotegemewa kanda nzima ya Kaskazini. Katika zama za Makhalifa wa Baghdad, aliyeandika kitabu mashuhuri cha magonjwa ya macho kwa Kiarabu alikuwa Hunayn bin Is-haq, aliyefariki mwaka 873, naye alikuwa Mkristo. Waislamu walimheshimu, wakakisoma kitabu chake, wakaongeza elimu. Baada yake akaja Ibn al-Haytham, Muislamu, aliyeeleza namna jicho linavyopokea nuru, na Wazungu wakasoma kwake. Hivyo ndivyo elimu inavyokwenda.

NINAYOPENDEKEZA

Kwa madrasa yetu napendekeza manne. Kwanza, tuweke kibuyu chirizi na sabuni mlangoni, na kila mwanafunzi aje na kitambaa chake. Pili, mtoto mwenye jicho jekundu akae nyumbani bila kuadhibiwa kwa kukosa darasa. Tatu, jicho linalouma sana, lisilopenda mwanga, lenye doa jeupe au linaloona ukungu, lipelekwe hospitali siku hiyo hiyo, bila kutiwa kitu. Nne, ujumbe wowote wa muujiza tusiusambaze mpaka tuwaulize wenye elimu.

Na wazazi, lishe isisahaulike. Jicho linalokosa vitamini A hukauka na kupata vidonda. Mchicha, karoti, papai na viazi vitamu vya rangi ya njano viko sokoni, tena kwa bei nafuu.

Wanangu, katika wale saba watakaokuwa katika kivuli cha Allah siku isiyo na kivuli ila chake, yumo mtu aliyemkumbuka Allah akiwa peke yake, macho yake yakatiririka. Jicho ambalo Allah amelitayarishia cheo kama hicho halifai kuchezewa kwa ugoro na majani ya chai. Tulilinde, tulioshe, na tulitumie kusomea Qur'an na elimu yenye manufaa.

Tunamwomba Allah atuhifadhie macho yetu na ya wazazi wetu, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa wakweli katika tunayoyasema na tunayoyatuma. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wallahu a'lam.